Fundi Tak Jong-pil: Miaka Thelathini na Minne ya Kuchagua Nozeli

Tarehe 31 Machi mwaka huu Fundi Tak Jong-pil atarudisha funguo za gari namba tatu na kustaafu, baada ya kulitumikia duka letu la boila hapa Jeongseon kwa miaka thelathini na minne. Kwa hesabu yake mwenyewe ni miaka thelathini na minne kasoro siku moja, kwa sababu aliajiriwa tarehe mosi Aprili. Siku hiyo moja inamkera. Amemwambia Meneja Ok kwamba mtu hang'olewi kazini kama jino, angeachwa afike walau asubuhi ya tarehe mosi, anywe kahawa, ndipo aondoke.

Nimeombwa niandike mimi, ingawa wapo waliosoma kunishinda. Sababu ni kwamba nimekaa naye kwenye gari hilo majira ya baridi kumi na moja. Mimi ni mtu wa Jindo, visiwani kusini, nilikuja huku milimani kubeba boila mgongoni, na shule niliiachia darasa la nane. Kwa hiyo nitaandika nilichokiona, na nilichokiona zaidi ya vyote ni kazi ya mwezi Januari huko Saetgol. Huko mama mmoja wa miaka themanini na minne alikuwa karibu kuhamishwa kutoka nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi, kwa sababu nyumba ilikuwa baridi. Kitu pekee ambacho kingeweza kulizuia hilo kilikuwa kipande cha shaba nyeupe kisichozidi ncha ya kidole gumba. Nitafika huko. Kwanza historia ya mtu wetu.

Fundi Tak alizaliwa katika mji wa makaa ya mawe. Baba yake alichimba, na yeye alianza kazi kwa kusambaza makaa ya duara, yale yenye matundu, nyumba kwa nyumba, na fremu ya mbao mgongoni. Alifanya hivyo miaka tisa. Katika miaka hiyo alisaidia kuwatoa nje watu wawili waliopigwa na hewa ya sumu ya makaa usingizini. Wote wawili majirani waliwanywesha maji baridi ya figili za chumvi, kama walivyofanya wazee. Mmoja aliamka, na kijiji kizima kikayasifu maji ya figili. Mwingine hakuamka, na maji yalikuwa ya mtungi ule ule. Anasema tangu siku hiyo haogopi moto mkubwa wala moto mdogo. Anachoogopa ni moto usiomaliza kuungua.

Migodi ilipofungwa, watu waliyang'oa majiko ya makaa na kuweka boila za mafuta ya taa, maji ya moto yakapita kwenye mabomba chini ya sakafu. Ndipo Fundi Tak alipoingia kwetu. Siku ya kwanza alipewa ufagio. Siku ya pili fundi mkubwa wa wakati ule, ambaye sasa ni marehemu, alimwekea nozeli kiganjani na kumwambia atazame kupitia tundu lake kwenye dirisha. Alitazama, hakuona kitu. Akaambiwa atazame tena. Anasema ilimchukua mpaka saa ya chakula kuiona nukta ya mwanga.

Na mimi alinifanyia vilevile. Wasomaji wa ofisini ambao hawajawahi kuishika, nozeli ndiyo mdomo wa boila. Pampu inasukuma mafuta, nozeli inayatema kama ukungu, cheche inauwasha ukungu. Tundu lake ni jembamba kiasi kwamba unywele wa mkia wa farasi ungelijaza. Katika tundu hilo, majira moja ya baridi, hupita mapipa manne au matano ya mafuta, na nje yake kuna nyumba, babu, mbwa kibarazani, na wali unaotunzwa joto chini ya mfarishi. Nimebeba vitu vizito maisha yangu yote. Sijawahi kuona kitu chepesi kilichobeba watu wengi kama hicho.

Ubavuni pameandikwa namba mbili. Ya kwanza inasema ni mafuta kiasi gani yatapita kwa saa, ya pili inasema ukungu utafunguka kwa pembe ya nyuzi ngapi. Fundi wa kawaida husoma namba ya nozeli iliyochakaa, akaweka mpya yenye namba ileile, akaondoka. Fundi Tak hajawahi kuiamini namba aliyoikuta. Husema huenda aliyetangulia alikosea, na wa kabla yake pia, na wewe unarithi kosa kama mtu anayerithi deni la ukoo. Kwa hiyo huanza upya kila nyumba. Hutazama chumba cha moto: kama ni kirefu na chembamba, anataka pembe ndogo ili moto usilambe kuta, kama ni kifupi na kipana, anataka pembe kubwa ili moto ujae. Hupima presha ya pampu, maana presha ikizidi nozeli ndogo hutema kama kubwa. Halafu huuliza kijiji kiko juu kiasi gani. Huku kwetu nyumba nyingine ziko mita mia nane juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na nozeli inayowaka safi bondeni hutoa masizi kule juu. Mtu wa pwani kama mimi nilidhani ananitania. Nilipopanda naye mara ya kwanza na kuanza kuhema nikiwa na boila mgongoni, aliniambia, "Unaona? Na boila nayo inahema."

Nozeli zake huziweka kwenye kisanduku cha dawa, kile cha wazee chenye vyumba saba vya siku za wiki. Ndogo kabisa ni Jumatatu, kubwa kabisa ni Jumapili. Bibi mmoja wa kijiji cha Imgye alimwona akikifungua akalia kwa huruma kwamba kijana mzuri hivi anameza dawa za chuma, na akamfungia chupa ya mchuzi wa mzizi wa ginseng. Fundi Tak hakumsahihisha. Mchuzi tuliunywa wote wawili njiani.

Ana kasoro, na jarida hili la duka si la kusifia uongo. Ni mzito. Wenzake hufanya nyumba nane kwa siku, yeye nne, na Meneja Ok amekwisha kumpigia kelele mpaka sauti yake ikawa sehemu ya majira ya baridi. Hakoromi kama watu, hukoroma kama pampu yenye hewa ndani. Tena hasifu mtu. Mwenzetu Byeon aliwahi kuzibua nozeli kwa sindano ya kushonea aliyoazima kwa mwenye nyumba. Tundu likapata mkwaruzo usioonekana kwa macho, moto ukapinda upande mmoja, na baada ya wiki mbili ukuta wa chumba cha moto ukatoboka. Fundi Tak hakumsemesha Byeon siku nne. Siku ya tano alimwekea mezani kioo cha kukuzia na ile nozeli, akaenda zake kula. Byeon anasema angependelea kupigwa.

Sasa Saetgol.

Saetgol ni nyumba sita kwenye mteremko, na nyumba ya juu kabisa ni ya Mama Ho-geun. Mumewe alifariki zamani. Mwanawe Pyo Ho-geun yuko mjini Suwon na ni msimamizi wa zamu kiwandani. Miaka miwili iliyopita alimnunulia mama yake boila mpya, kubwa kuliko zote tulizowahi kupandisha kijijini kule. Nakumbuka uzito wake. Lakini tangu iwekwe ilikuwa inazimika. Kila ikizimika simu inalia, tunapanda, tunakuta nozeli imejaa masizi na mama anasema kuna baridi. Na fundi akisikia baridi, mkono wake unakwenda kwenye nozeli kubwa zaidi. Wa kwanza alipandisha namba. Wa pili akapandisha tena. Wa tatu, ambaye ni mimi nilipotumwa peke yangu mwezi Desemba, nikaweka ya moja kamili, yaani galoni moja kwa saa, ile ambayo Fundi Tak huiweka chumba cha Jumamosi. Kila mmoja aliondoka akijiona mwema.

Wiki moja kabla ya Seollal, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, ikazimika kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Safari hii Ho-geun mwenyewe alipiga simu dukani. Alisema familia nzima inakuja sikukuu, mtoto mchanga akiwemo, na wakikuta nyumba baridi kama mwaka jana na mwaka juzi, hatarudi Suwon bila mama yake. Nyumba ya kulelea wazee imekwisha patikana karibu na kiwanda na jina la mama limeshaandikwa. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi kwa kumwaza mama aliyeko peke yake kwenye barafu.

Tulipofika mimi na Fundi Tak, Mama Ho-geun alikuwa mlangoni na kofia ya sufi na makoti mawili. Tulidhani anatulaki.

"Mmekuja kuniaga?" alituuliza.

Fundi Tak alimwamkia kwa kuinama, akaacha sanduku lake barazani, na hakwenda kwenye boila. Alizunguka nyumba. Chini ya bomba la moshi theluji ilikuwa na madoa meusi, akachuchumaa na kuyatazama kama mtu anayesoma barua. Halafu akavua viatu, akaingia ndani na kutembea na soksi vyumba vyote vinne, polepole, kisigino kwanza. Alipotoka alinifanyia ishara na mimi nitembee. Vyumba vitatu sakafu ilikuwa baridi kama mtaro. Cha nne, chumba cha mama, palikuwa na joto la kukisia, tena upande mmoja tu, penye blanketi la umeme.

Kwenye ujia mabomba ya sakafu yanapogawanyika, palikuwa na kapu kubwa la pilipili kavu, na mbele ya kapu alikuwa amesimama Mama Ho-geun. Fundi Tak alimwomba asogee. Alisema mgongo unamuuma. Fundi Tak akasema basi atasogeza kapu yeye. Alisema pilipili zitamwagika. Tulisimama hivyo muda kidogo, watu watatu na pilipili.

Mwishowe alisogea. Nyuma ya kapu koki tatu kati ya nne zilikuwa zimefungwa, na kila moja imekazwa kwa uzi wa kufungia kabichi ili mtu asiifungue kwa bahati mbaya. Na boila ilikuwa imetegwa iwake robo saa tu kila baada ya saa nne.

"Vyumba havina watu," alisema Mama Ho-geun. "Niwashie mafuta ya mwanangu kwa ajili ya nani? Panya?"

Fundi Tak akamuuliza tangu lini. Alisema tangu boila ilipokuja. Kubwa hivyo, alisikia ikivuma siku ya kwanza akaona kama ndiyo mgongo wa Ho-geun unavuma kiwandani. Watoto wakija hufungua zote asubuhi ileile, na hushangaa usiku sakafu bado baridi.

Nilikaa chini pale ujiani. Tulikuwa tumepanda mlima huo mara nane kwa miaka miwili, mafundi watatu, na kila mmoja aliongeza moto kwenye nyumba ya vyumba vinne, ilhali nyumba iliyokuwa ikiishi humo ilikuwa ya chumba kimoja. Nozeli ya moja kamili ilikuwa inachemsha maji ya kachumba kale kwa dakika mbili, boila inajizima, moto hauna nafasi ya kumaliza kuungua, masizi yanaganda, cheche zinakosa njia. Kadiri tulivyomhurumia ndivyo tulivyomzimia. Na wala si sisi tu. Vijiji hivi vyote mama hufunga koki ili mwana asichoke, na mwana hununua boila kubwa ili mama asione baridi, na kila mmoja humficha mwenzake.

Mama Ho-geun alimshika Fundi Tak mkono wa shati.

"Ukimwambia mwanangu nimekaa na baridi hii, hanisikilizi tena. Ananibeba siku hiyohiyo. Fundi, mimi nikiondoka hapa sirudi."

Fundi Tak alifikiri. Alimwambia hatakwenda kumsemea kwa mwanawe. Lakini akiulizwa na Ho-geun mwenyewe, uso kwa uso, hatasema uongo, kwa sababu uongo kuhusu moto ameshaona unapoishia.

"Basi usiulizwe," alisema mama, akaenda kuchemsha viazi.

Alichofanya Fundi Tak baada ya hapo nimekuwa nikikitafutia maneno tangu Januari. Alifungua kisanduku cha dawa, akapita Jumamosi, Ijumaa, Alhamisi, akasimama Jumatano: nozeli ya sifuri nukta sitini na tano, karibu theluthi moja chini ya niliyoiweka mimi. Nilimwambia atamuua mama wa watu kwa baridi. Aliifunga, akawasha, akalala juu ya kadibodi kwenye sakafu ya banda, sikio karibu na mlango wa boila, mzee wa miaka sitini na nne mwenye magoti mabovu. Moto ulikuwa mrefu na mwembamba, umepotea ndani ya chumba kile kipana kilichotengenezwa kwa ajili ya moto mkubwa. Akazima. Akachukua nozeli ya namba ileile lakini ya pembe kubwa, nyuzi themanini. Akawasha tena, na moto ukafunguka ukajaa, kama mtu aliyepewa chumba chake.

Halafu hewa. Kule juu hewa nyepesi inadanganya. Alivuta moshi kwenye karatasi nyeupe kwa pampu ndogo ya mkono, mara kumi, karatasi ikatoka kijivu. Akafungua kilango cha hewa kidogo. Karatasi ikatoka nyeupe kabisa, nikafurahi, yeye akakunja uso, akasema hewa imezidi, sasa tunapasha mlima. Akafunga kwa upana wa ukucha. Karatasi ya tatu ilikuwa na kivuli ambacho mimi sikukiona mpaka aliponielekeza. Saa mbili zilikuwa zimepita. Boila iliyokuwa ikikohoa kama mbuzi mgonjwa ilikuwa inavuma mdomo umefumbwa, sauti moja, na nilisimama pale na spana mkononi nikaona aibu kusogea.

Akabaki na mama. Alimweleza kwamba moto mdogo ni kama mtu mpole, haufanyi kazi kwa kukurupushwa. Lazima afungue koki zote siku mbili kabla ya wageni na aache boila iwake yenyewe. Mama alisema siku moja. Fundi Tak akasema mbili. Mama akasema moja na nusu, na akaongeza kiazi kwenye sahani yake. Fundi Tak akakila kiazi na kusema mbili.

Fomu ya kazi hutumwa kwa aliyelipia boila, ndiyo sheria yetu. Jioni hiyo Ho-geun aliisoma akaona namba imeshuka. Alimpigia Meneja Ok, na safari hii alikuwa mkali. Alisema ameomba joto, amepewa dharau. Meneja alimwita Fundi Tak mbele yetu sote na kumwamuru arudi Saetgol akaweke ile ya moja kamili.

"Siweki," alisema Fundi Tak.

Miaka thelathini na minne hatukuwa tumelisikia neno hilo kutoka kwake. Meneja alimuuliza anamwambia nini mteja. Fundi Tak hakuweza kumwambia, kwa sababu alikuwa ameahidi, kwa hiyo alitazama viatu vyake tu. Meneja, ambaye ni mtu mwema na leo anacheka nalo, alimwambia kama boila ile itazimika siku ya Seollal, asitegemee duka limsemee, na jambo la mwisho watu watakalolikumbuka juu yake litakuwa hilo. Fundi Tak akaomba awekwe zamu siku ya sikukuu. Mkewe alikuwa ameshatia mchele kwenye maji ya kutengenezea keki. Nami nikajiandikisha pamoja naye, kwa kuwa Jindo ni mbali na kosa la moja kamili lilikuwa langu.

Asubuhi ya Seollal ilikuwa nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Simu ililia saa nne. Ilikuwa Ho-geun, na alisema neno moja tu, njooni.

Tulifunga minyororo kwenye magurudumu. Njiani Fundi Tak hakusinzia, na hapo ndipo nilipojua anaogopa. Mlangoni palikuwa na jozi kumi na moja za viatu. Ho-geun alitoka na nguo za sikukuu, mtu mnene mwenye macho mekundu, akatuongoza bila salamu mpaka chumba cha mwisho cha upande wa kaskazini, ambacho jua hukifikia wakati wa kiangazi tu. Mama yake alikuja nyuma yetu na upawa wa supu mkononi.

Kwenye sakafu palikuwa na godoro dogo, tupu. Mtoto alikuwa ameviringika mpaka katikati ya chumba, blanketi amelipiga teke, analala chali juu ya sakafu yenyewe, mikono imetawanyika, jasho kwenye nywele.

"Miaka miwili," alisema Ho-geun kwa sauti ya chini, "nimelala chumba hiki na koti. Boila ilikuwa na moto mkubwa. Sasa ina moto mdogo. Fundi, nakuuliza wewe mwenyewe, imewezekanaje?"

Basi ameulizwa. Nilimtazama Mama Ho-geun, na upawa ulikuwa unadondosha supu sakafuni.

"Boila haikuwa na kosa," alisema Fundi Tak. "Ilikuwa inapasha chumba kimoja."

Ilichukua muda Ho-geun kulielewa hilo. Kisha akatoka, akaenda ujiani, tukasikia kapu likisogezwa. Aliporudi alikuwa na nyuzi tatu za kabichi kiganjani. Alikaa chini karibu na mtoto na kuweka viganja vyote viwili juu ya sakafu.

"Mama. Mvua ya barafu ile ya mwaka juzi. Ulikuwa umefunga?"

"Nilikuwa nimefunga."

"Na nikikuacha hapa utafunga tena."

Mama mwingine angelidanganya. Huyu alifuta upawa kwa aproni.

"Nitafunga," alisema. "Viwili, basi. Siwezi kumpashia mtu asiyekuwepo."

Ho-geun alifumba macho, na mimi nilijua kilichokuwa kinafuata, kwa sababu mwana yeyote angesema hivyo. Hapo ndipo Fundi Tak, ambaye hasemi ovyo, alipiga magoti yake mabovu ili awe sawa naye.

"Nilijua atafunga," alisema. "Sikuchagua nozeli ya nyumba hii. Nimechagua ya mama yako. Akifunga viwili, moto huu hauzimiki na hautoi masizi. Akifunga vitatu utamvumilia. Wewe ukija, mpigie siku mbili kabla, afungue. Zaidi ya hapo usimwombe, hatakupa."

Nilikuwa nimekaa banda lile saa mbili nzima, nikimwona anatafuta hewa kwa upana wa ukucha, na sikujua. Nilidhani anaipima boila. Alikuwa anampima mwanamke mmoja mkaidi, na akamwamini kwa kiasi kile kile alichostahili kuaminiwa, si zaidi, akakitia kipimo hicho ndani ya shaba.

Mtoto aligeuka akalalia tumbo, shavu sakafuni. Ho-geun alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila kumwangalia mama yake, "Kaa, basi. Lakini cha kwako kisifungwe."

"Cha kwangu nakifungia nini, mimi si nipo," alisema mama, na akatuamuru sote twende tukale supu kabla keki za mchele hazijalainika kupita kiasi.

Tangu siku hiyo hatujapigiwa simu kutoka Saetgol. Februari yote haikulia, Machi haijalia. Nimefanya kazi sehemu nyingi na nimesikia watu wakipigiwa makofi. Sijasikia sifa kubwa kuliko simu hiyo isiyolia.

Fundi Tak, kwa niaba ya wote kumi na tisa wa duka hili, tunakushukuru kwa kila nyumba uliyoikalia mara mbili ya muda ulioruhusiwa. Tunakuombea miaka mingi na magoti mepesi, wewe na mama watoto, na usingizi wa mtu aliyemaliza kazi yake. Mama Ho-geun ametutumia salamu zako kupitia mwanawe. Anasema yuko nyumbani, na amefunga viwili.